Gunia Lililonuka: Safari ya Kasenga Kufuata Karanga



Wengi wenu mnazijua karanga zetu. Ni zile sashe ndogo ambazo kikundi chetu kinauza pembeni ya soko la Kenya, hapa Lubumbashi: karanga za kukaanga, chumvi kidogo, sashe imefungwa kwa moto wa mshumaa. Feza ya karanga ndiyo inalisha likelemba yetu, na likelemba ndiyo imelipa masomo ya watoto wengi mwaka huu. Kwa hiyo siku ile ya mwezi wa 3 tulipofungua gunia, na harufu ikatoka kabla ya karanga kuonekana, hakuna mama aliyecheka.

Gunia hilo tulilinunua kwa mchuuzi mmoja tangu mwanzo wa mvua. Lilikuwa limejaa, limeshonwa vizuri, karanga zake nono, zimekwisha kumenywa. Tulilishangilia. Tukaliweka depo, chini kwenye simenti, limeegemea ukuta, tukaendelea kuuza yaliyotangulia. Miezi 4 likakaa hapo mvua ikipiga mabati. Tulipolifungua, lilinuka kama udongo wa chini ya jiwe, pamoja na mafuta ya zamani. Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikakuta katikati kuna joto, kama vile gunia lina homa. Karanga nyingine zilikuwa zimeshikana, na juu yake vumbi la kijani.

Maneno yakaanza. Mama mmoja akasema tuzikaange sana, moto utaua kila kitu. Mwingine akasema tuzitwange, tuuze unga wa kutia ndani ya sombe na matembele, hakuna atakayeona. Wa tatu akasema basi tuwape kuku. Na mimi, sitaficha, niliwaza kikanda. Anayekijua kikanda chetu anajua kwamba viazi vya porini vikishachanganywa na unga wa karanga na pilipili, ulimi hausikii tena mambo madogo. Feza iliyokuwa ndani ya gunia lile ilikuwa michango ya miezi mingi. Kulitupa ilikuwa kama kutupa karo ya mtoto wa mtu.

Mama prezidenti akakata maneno: gunia lifungwe, liwekwe nyuma ya mlango, mtu asiliguse. Mimi na mama mweka hazina tulikuwa tunajitayarisha kwenda Kasenga kutafuta karanga za mavuno mapya. Tukifika huko, akasema, tuulize wanaozilima. Kisha tutajua la kufanya.

Tukatoka alfajiri ya siku moja ya mwezi wa 4, ndani ya gari lililojaa watu, mabidoni na mabeseni. Njia ya Kasenga inapita karibu na uwanja wa ndege wa Luano, halafu mji unabaki nyuma na pori linaanza. Mvua zilikuwa zinamalizika. Majani yalikuwa marefu pande zote mbili, na vichuguu vya Katanga vilisimama katikati ya miti, vingine vikubwa kupita nyumba. Kila kijiji kilikuwa na magunia ya makala pembeni ya barabara, na wanaume walisukuma baiskeli zenye mzigo mrefu kuliko wao. Kasomeno tukafika kwenye njia panda: wa Pweto wanaendelea upande wa kaskazini, sisi tukachukua njia ya Kasenga. Ni safari ya kilometa 200 na zaidi kutoka Lubumbashi. Tulifika tumechoka, nywele zetu zimekuwa na rangi ya vumbi.

Kasenga iko ukingoni mwa Luapula, ule mto unaoteremka kwenda ziwa Mweru. Ng'ambo ni Zambia. Mitumbwi inavuka asubuhi mpaka jioni, na watu wa pande zote mbili wanasikilizana kwa Kibemba. Karanga wanaziita imbalala. Mgeni anasikia kwanza harufu ya samaki, kwa maana Kasenga ni mji wa samaki. Lakini ukitoka kando ya mto ukaingia kwenye mashamba, utakuta mihogo, mahindi, na mistari ya karanga ambayo wamama wanaishughulikia tangu kupanda mpaka kung'oa.

Tulilala kwa shangazi wa mama mweka hazina. Ni mwanamke mzee, na kila mtu anamwita Kambo. Asubuhi alitupa majembe kabla hajatupa chai. "Mmekuja kuuliza au mmekuja kuona?" akasema. Tukamfuata.

Kambo aling'oa shina, akalikung'uta udongo, akaligeuza: majani chini, karanga juu, ziangalie jua. Shina baada ya shina, mstari mzima ukawa umelala kichwa chini. Alituonyesha pia zile alizong'oa siku za nyuma: zilikuwa juu ya utanda wa miti, hazigusi ardhi, upepo unapita chini yake. Kukitanda mawingu anazifunika, jua likirudi anazifunua. Karanga zilizokatwa na jembe au zilizotobolewa na mchwa alizitupa pembeni papo hapo. "Palipo na kidonda ndipo ubaya unapoingia," alisema, "kwa karanga kama kwa mguu."

Kisha akachukua karanga moja ya juu ya utanda, akaitikisa karibu na sikio langu. Ilipiga kelele ndogo ndani ya ganda. Akachukua moja ya siku ile, akaitikisa: kimya. "Mbichi haisemi," akasema. "Iliyokauka inasema." Akaipasua ile iliyosema, akasugua mbegu kwa vidole viwili, ngozi yake nyekundu ikatoka kama karatasi. Akaivunja: ikalia. Ile bichi ilipinda tu, kama mshumaa uliokaa juani. Wamama, shule yote ya karanga ilikuwa katika kiganja cha yule mzee, na haihitaji mashine.

Lakini jibu la gunia letu hatukulipata shambani. Tulilipata siku ya pili, karibu na mahali magari yanapopakia. Chini ya mwembe walikaa wamama 6 au 7 wakimenya karanga, kila mmoja na lundo lake, na katikati yao beseni la maji. Kila mara mmoja alichota maji kwa kiganja akanyunyizia lundo la maganda, akachanganya, akaendelea kumenya. Nikachuchumaa karibu na mmoja wao.

"Mayo, samahani, maji ni ya nini?"

Hakukasirika. Alinifungulia mkono wake. Ncha za vidole zilikuwa zimepasuka, gumba lina kidonda.

"Ganda kavu linakula vidole, dada," akasema. "Likilowa linafunguka vizuri." Kisha akapunguza sauti. "Na karanga iliyokunywa maji inanenepa, inajaza meka upesi. Mwenye gari anataka magunia leo. Hataki kesho kutwa."

Hapo nikalikumbuka gunia letu na unono wake. Tulikuwa tumenunua maji. Maji yale tuliyashona ndani ya gunia, tukayalaza kwenye simenti baridi, msimu wa mvua. Kazi yote ya jua ambayo Kambo mwingine aliifanya shambani iliharibika katika asubuhi moja, kwa beseni moja. Lakini sikuweza kumhukumu mwanamke yule. Mtu anayelipwa kwa kopo, na vidole vyake vinatoka damu, atatafuta maji. Mimi pia ningeyatafuta.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili si la ladha tu. Karanga inaweza kuharibika kwa njia mbili, na mama anapaswa kuzitofautisha.

Njia ya kwanza ni ya mafuta. Karibu nusu ya karanga ni mafuta, na mafuta hayo yanachakaa yakipata hewa, mwanga na joto. Karanga ya namna hiyo inanuka kama rangi ya kupaka ukuta au mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, na ukiitafuna inaacha uchungu nyuma ya ulimi. Iliyokaangwa inachakaa mbele ya ile mbichi, na iliyotwangwa inachakaa mbele ya ile nzima. Iliyomo ndani ya ganda lake inadumu kuliko zote. Karanga iliyochacha haifai kula wala kuuza, na inaharibu jina la muuzaji, lakini mara nyingi ulimi wenyewe unaikataa.

Njia ya pili ni ya ukungu, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Ukungu unaopenda karanga na mahindi yasiyokauka unaacha sumu ambayo wataalamu wanaiita aflatoksini. Dunia iliijua baada ya mwaka wa 1960, wakati batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa sababu ya chakula chao kilichotengenezwa kwa mashudu ya karanga. Mwaka wa 2004, katika nchi ya Kenya (nasema nchi, si komini yetu), watu 125 walikufa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Lakini mara nyingi haiui kwa siku moja. Inaingia kidogo kidogo, kila siku, na inashika ini. Inaleta kansa ya ini, na hatari inazidi sana kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini wa hepatiti B. Wataalamu wameona pia kwamba watoto wanaoila mara kwa mara wanaelekea kubaki wafupi na dhaifu. Na inapita katika maziwa: ya ng'ombe aliyelishwa vibaya, na ya mama anayenyonyesha.

Sumu hiyo haina harufu yake wala ladha yake. Na moto wa jikoni hauimalizi. Unaweza kukaanga karanga mpaka ziwe nyeusi, ukungu ukafa, na sumu iliyoachwa ikabaki. Ndiyo maana yule mama aliyesema tuzikaange sana alikuwa na nia njema, lakini alikosea. Yule wa unga alikosea zaidi. Karanga nzima mnunuzi anaweza kuiangalia na kuikataa. Ikishakuwa unga au karanga ya kusaga, macho hayana kazi tena. Na unga wa karanga unaliwa na nani kwanza? Ni mtoto aliyeachishwa ziwa, katika uji wake, asubuhi na jioni. Kwa kuku pia ni hasara: kuku wanaumwa kwa sumu ileile, kama wale batamzinga. Na kukamua mafuta kienyeji hakutoi sumu yote.

Tulipokwisha kuelewa hivyo, tulinunua kwa namna nyingine. Kwa Kambo na jirani zake tulichukua karanga zenye maganda, kavu, gunia kwa gunia, tukizitikisa masikioni mpaka watu wakacheka. Mwenye gari aliguna, kwa sababu maganda yanajaza nafasi, na sisi tulilipa magunia mengi kwa karanga chache. Hiyo ni gharama ya kweli, siwadanganyi. Lakini ganda ni nyumba ambayo Mungu aliijengea karanga, na tangu tuanze kumenya wenyewe hapa, pakavu, bila tone la maji, tunajua tunachouza. Tunamenya kidogo kidogo, kwa zamu, na vidole vinavumilia.

Depo yetu nayo imebadilika. Magunia yako juu ya mbao, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja. Hatuweki karanga pamoja na petroli, sabuni wala samaki wakavu, kwa maana mafuta ya karanga yanavuta harufu. Tunamenya zinazotosha kuuza kwa majuma mawili hivi, zisizozidi. Kisha tunachambua juu ya kitambaa cheupe, mchana, karibu na dirisha. Tunatoa zilizokunjamana, zenye madoa meusi au ya kijani, zilizotobolewa, zilizoota, na zile ambazo ukizifungua katikati zina rangi ya manjano iliyokolea au ya kahawia. Kuchambua hakuondoi hatari yote, lakini kunapunguza sehemu kubwa, kwa sababu sumu hukaa kwa wingi katika karanga chache mbaya.

Tukishakaanga, tunazitandaza mpaka zipoe kabisa. Hili tulikuwa tunalikosea tangu zamani: tulizitia katika sashe zikiwa na joto, sashe ikatoa jasho ndani, na jasho ni maji. Sasa tunangoja. Tunafunga sashe kwa moto, kisha tunaibonyeza kuona kama hewa inatoka, na tunatia sashe ndani ya ndoo yenye kifuniko, kivulini. Hatuzitundiki tena juani ili wapita njia wazione. Jua linaita wateja, lakini linachachusha karanga. Kila ndoo ina karatasi ya tarehe tuliyokaanga, na za kwanza kuingia ndizo za kwanza kutoka.

Kwa mama anayenunua karanga za paketi au za kopo dukani, mambo ni haya. Angalia tarehe, lakini usiishie hapo. Tarehe ile inasema juu ya paketi ambayo haijafunguliwa na iliyotunzwa vizuri. Ikikaa juani kwenye kibanda, au ikitobolewa na panya, tarehe haina maana. Viwanda vingi vinaondoa hewa ndani ya paketi au vinaweka gesi isiyochakaza mafuta. Siku unayofungua, ulinzi huo unakwisha. Mimina kilichobaki katika chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, weka mahali pa giza na baridi, na umalize mapema. Mwenye friji aiweke humo, ila umeme wetu tunaujua: ikitoka baridi, iache ipate joto la nyumba kabla ya kuifungua, isije ikatoa jasho.

Kabla ya kumpa mtoto, nusa. Kisha angalia: nyuzi kama za buibui, unga chini ya paketi, wadudu, karanga zilizoshikana, doa lolote la ukungu. Kisha onja moja tu. Ukikuta uchungu, tema, suuza kinywa, na usijaribu ya pili kuhakikisha. Ukikuta ukungu, usichague zilizo safi ndani ya paketi ile, ondoa yote.

Sasa gunia la nyuma ya mlango. Tuliporudi tulikutana wote, nikasimulia mambo ya Kambo, ya beseni, na ya batamzinga. Mama prezidenti akatoa meka moja ya karanga zile, akaimwaga juu ya kitambaa cheupe, akasema tuchambue. Tulichambua kimya. Lundo la mbaya likazidi lundo la nzuri. Na zile nzuri, ukizinusa, zilikuwa na harufu ileile ya chini ya jiwe. Kisha akauliza swali moja: "Nani kati yetu atazipeleka nyumbani, atie katika uji wa mtoto wake usiku huu?" Hakuna mkono ulioinuka. Hata wangu, mimi niliyewaza kikanda.

Tulichimba shimo nyuma ya depo, mbali na bustani na kuku, tukalifukia gunia lote. Mama aliyesema tuzitwange ndiye aliyeshika jembe kwanza. Likelemba ya mwezi ule haikutoka. Mwenye zamu alingoja, na tukamlipa kwa awamu mbili. Iliuma, na hatujamaliza kuziba shimo la feza lile. Lakini mteja akituuliza leo karanga hizi zimetoka wapi, tunamjibu bila kuangalia chini.

Kwenye beseni la Kasenga bado naliwaza. Kikundi kimekubali kwamba safari ijayo tutaongeza kidogo bei kwa wamama wanaotumenyea pakavu, ili vidole vyao visilipe peke yao usalama wa watoto wetu. Walio na shauri lingine wanakaribishwa siku ya mkutano. Na mwenye gunia nyumbani analolishuku, alilete tulichambue pamoja kwenye kitambaa cheupe, kabla halijafika sokoni.

Mbakie na amani, wamama. Mtikise kabla ya kununua, na msikilize kama inasema.